Mbwa wa Ndege: Mwone Mama Kabla ya Kumnunua Mtoto

Mtu anayekaa Muthurwa hana haja ya kwenda mbali ili aonyeshwe mtoto wa mbwa. Kando ya barabara nyingi za Nairobi husimama vijana wenye watoto wa mbwa mikononi au ndani ya katoni, na gari likipunguza mwendo tu, mtoto huinuliwa hadi dirishani. Ukiuliza, "Huyu ni wa mbegu gani?" jibu huwa tayari. Ukionekana mwenye nyumba anayetaka mlinzi, utaambiwa ni shepadi wa Kijerumani. Ukionekana mtu wa shamba na ukitaja kanga na kwale, mara mtoto yule yule amegeuka kuwa mbwa wa ndege, na babu yake alitoka Ulaya.

Makala haya ni kwa ajili ya yule anayetaka mbwa wa ndege kweli kweli: mbwa mwenye pua ya kumgundua ndege nyasini, mwenye akili ya kumsikiliza bwana wake, na mwenye mdomo usiorarua. Mbwa wa namna hiyo yupo na anapatikana. Lakini hapatikani katika katoni, wala hafai kila mtu.

Pengine utauliza kwa nini nimwandikie mtu wa Muthurwa habari hizi, na chumba chake ni kimoja, na bomba la maji ni la watu wote. Sababu ni kwamba landhi za Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na tangu siku hizo zimekuwa malazi ya mjini ya watu wenye mashamba yao Ukambani, Murang'a, Siaya, Vihiga na kwingineko. Mshahara wapatikana hapa, jembe liko kule. Mbwa naye hununuliwa kwa fedha za mjini, akalelewa na mtu wa nyumbani. Basi kabla hujauliza habari za mbegu, piga simu nyumbani. "Mama, shikamoo. Nikileta mbwa mkubwa, nani atamlisha mchana? Nani atamfungulia asubuhi akakimbia?" Kama jibu ni kwamba watoto wako shuleni na mama ana ng'ombe wawili na shamba la kupalilia, ni heri fedha zako zikae. Mbwa wa ndege aliyefungwa mnyororo kutwa nzima huharibika akili. Hubweka ovyo, huchimba mashimo, na mwisho humaliza kuku wa jirani.

Wala usifikiri kumlea katika landhi. Pointa ni mbwa wa kukimbia maili nyingi kila siku. Ukimfungia penye mlango mmoja na majirani kumi, utakuwa unamtesa, na majirani nao utakuwa unawatesa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa wengi huteleza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977. Kwa muda baada ya hapo kupiga ndege kwa kibali kuliruhusiwa, na ndiyo maana utawasikia wazee wakisimulia habari za kwenda Jumapili kupiga kwale, na mbwa nyuma ya gari. Mambo hayo yamepita. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inakataza kuwinda kwa mchezo na inakataza pia kuwinda kwa kutafuta kitoweo. Usiseme, "Ndege si mnyama." Kanga wa porini, kwale, kereng'ende na bata maji ni wanyamapori mbele ya sheria, hata wakiwa ndani ya shamba lako, hata wakiwa wanakula mbegu zako. Ukimtuma mbwa awakamate, mwenye kosa ni wewe, maana mbwa hasimami kizimbani. Hata kufuga kanga au kware kulihitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori, kama watakavyokumbuka wale waliokimbilia biashara ya kware mwaka 2013 na 2014.

Tanzania mambo ni tofauti. Huko uwindaji unaendelea kwa leseni, pamoja na kuwinda ndege, lakini kwa majira yake, mahali pake na hesabu yake. Kama una ndugu upande ule naye anataka mbwa, mwambie aende kwanza ofisi ya wanyamapori akaulize mambo mawili: habari za leseni na habari za kutumia mbwa. Kumiliki bunduki si ruhusa ya kuwinda.

Pengine sasa utasema, "Basi mbwa wa ndege ana faida gani kwa mkulima wa Kenya?" Anayo, tena kubwa. Kila mkulima anayepakana na pori anajua kazi ya kanga na kereng'ende wakati wa kupanda. Mvua ikinyesha na mahindi yakifukiwa, alfajiri wao wako shambani kabla yako, wakifuata mstari na kufukua punje moja baada ya nyingine kama waliolipwa kibarua. Ukiwafukuza upande huu, wanajificha nyasini na kurudi upande ule. Mbwa anayejua kuzunguka mipaka, kunusa nyasi na kuwarusha ndege bila kuwakamata, akirudi anapoitwa, anaokoa mbegu kwa wiki zile mbili tatu ambazo mahindi hayajashika mizizi. Ndege huruka na kwenda zake, na mahindi huota. Hiyo ndiyo kazi ya halali ya mbwa wa ndege katika shamba la Kenya, na ndiyo itakayotuongoza katika kuchagua.

Maana lazima ujue kwamba mbwa wa ndege si wa kazi moja. Wako wanaoonyesha, wako wanaorusha, na wako wanaookota.

Wanaoonyesha ni kama pointa na seta. Mbwa huyu hukimbia mbele ya mwindaji, kulia na kushoto, pua ikiwa juu akisoma upepo. Akipata harufu ya ndege aliyejificha, huganda pale pale kama sanamu, mkia umenyooka, pengine mguu mmoja umeinuliwa, na pua imeelekea pale ndege alipo. Hasogei mpaka bwana wake afike. Ni jambo la ajabu kulitazama, na hata mtoto wa miezi michache wa ukoo mzuri hulifanya bila kufundishwa, kwa kuwa limo katika damu. Lakini fikiri mwenyewe: mkulima anayetaka ndege waondoke ana haja gani na mbwa anayesimama kuwatazama? Kazi ya pointa imefungamana na bunduki. Kwa mtu wa Kenya asiyewinda, kumnunua pointa kwa ajili ya mahindi ni kama kununua lori la kubebea debe moja la maji.

Katika kundi hili yuko pia pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, ambaye hufanya kazi zote tatu. Ana uzito wa kilo 20 hadi 32 hivi, manyoya yake hayashiki matope wala mbegu za nyasi, na huvumilia jua kuliko seta. Kama ndugu yako wa Tanzania ana leseni, eneo na wakati, ningemshauri huyu. Seta ni mzuri kwa macho, lakini manyoya yake marefu hukusanya kupe na kila mbegu yenye kunata, na jua la saa nne humchosha. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, basi mwenye koti zito katika nchi ya joto ana shida mara mbili.

Wanaorusha ni spanieli, na hasa yule aitwaye springa. Huyu hakai mbali. Hufanya kazi hatua 20 au 30 mbele yako, akiingia vichakani na kutoka, mkia ukitikisika wakati wote, na ndege akimkaribia huruka. Ana kilo 18 hadi 25, hupenda watu, na pua yake inasifiwa hata na polisi wa nchi nyingi, ambao humtumia kunusa dawa za kulevya na baruti. Kwa shamba letu la mahindi, huyu ndiye mwenye kazi inayofanana na haja yetu. Kasoro yake ni masikio. Ni marefu, yananing'inia na kufunika tundu, na ndani yake kupe na usaha hupenda kukaa. Anayemfuga sharti ayainue na kuyatazama kila jioni.

Wanaookota ni ritriva, na mashuhuri wao hapa Nairobi ni Labrador. Wazazi wa mbegu hii walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada, waliofundishwa kuingia katika maji baridi. Labrador huokota kilichoanguka na kukileta mkononi bila kukitoboa. Ana moyo mpole mno. Mpe mfupa mwizi na watakuwa marafiki. Tena hula kupita kiasi akanenepa, na ukoo wake una ugonjwa wa nyonga, yaani mfupa wa paja haukai vizuri katika kikombe chake, na mbwa huanza kuchechemea akiwa bado kijana. Mambo ya nyonga tutayarudia, maana ndiyo yanayomtofautisha mfugaji mwema na mchuuzi.

Kabla ya kwenda mbali, niseme neno kuhusu mbwa wetu wa nyumbani, ambaye watu humwita koko na kumtupia mawe. Watu wa misitu ya Kongo wana mbwa wao mdogo asiyebweka kama wengine, ambaye humfunga njuga ya mti shingoni wamsikie akiwafukuza wanyama kuelekea wavuni. Wazungu walimwona, wakamchukua, na mwaka 1937 akaonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya Crufts. Leo anaitwa basenji, ana cheti cha ukoo, na bei yake si ya kawaida. Mbwa yule yule! Basi usimdharau wa kwenu. Mbwa wa kienyeji ambaye mama yake analinda shamba, aliyekua katikati ya kuku, na aliyezoea kupe na jua la pale pale, anaweza kufundishwa kuwarusha kanga vizuri sawa na springa. Ataonyesha kama pointa? La. Ataleta ndege mkononi kama Labrador? Mara chache. Lakini kwa wasomaji wengi wa gazeti hili, nadhani yeye ndiye wa kuanzia, na fedha iliyobaki inunue chanjo na mbolea.

Kama hata hivyo umeamua mbwa wa mbegu, kazi kubwa sasa ni kumtafuta mfugaji. Hapo usiwe na haraka.

Nairobi kuna chama kiitwacho East Africa Kennel Club, ambacho huandikisha mbwa wa mbegu na kufanya maonyesho. Nenda kwenye maonyesho hata kama huna nia ya kununua mwaka huo. Simama kando, tazama mbwa, kisha sema na wenye mbwa wakiwa wamemaliza shughuli. Mwenye spanieli au pointa atakueleza nani anao, nani atazalisha, na nani wa kumwepuka. Wafugaji hawakosi habari za wenzao. Daktari wa mifugo naye anajua mengi, kwa sababu yeye ndiye aonaye mbwa wa nani wanakuja na afya na wa nani wanakuja kufa. Mwulize.

Cheti cha ukoo ni kitu kizuri, lakini fahamu kinasema nini. Kinakuambia baba ni nani, mama ni nani, na babu ni nani. Hakikuambii kama nyonga ni nzima, wala kama mama aliwahi kunusa ndege hata mara moja. Mbwa anaweza kuwa na cheti safi na asijue tofauti ya kwale na jogoo.

Ukifika kwa mfugaji, piga hodi, salimu, kaa, na ombi lako la kwanza liwe hili: "Naomba kumwona mama yao." Kila kitu kimo katika neno hilo. Mtoto wa wiki 7 hawezi kukuonyesha tabia yake, lakini mama yake hawezi kukuficha yake. Je, anakuja kukusalimu, au anajificha chini ya gari? Mama mwoga huzaa na kulea waoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto. Tazama mwili wake, chuchu zake, macho yake, anakolala. Ukiambiwa mama yuko kwa shangazi Thika, au amekwenda kwa daktari, au "alikufa jana," sema asante, chukua kofia yako. Kadhalika ukiambiwa mkutane kwenye kituo cha mafuta ili usisumbuke kufika nyumbani. Na ukitumiwa picha nzuri kwenye simu na kuombwa utume nusu ya bei kwa M-Pesa ili "uwekewe" mtoto, basi ujue huenda hakuna mbwa wala mtoto. Kuna simu tu.

Wazee walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kwa hiyo omba kumwona mama akifanya kazi. Mfugaji wa springa anaweza kumpeleka nyasini mbele yako, akamwita kwa filimbi, akatupa mfuko wa nguo ukaletwa. Hahitaji kuua ndege hata mmoja ili akuonyeshe hayo. Kama ni Labrador, uliza picha za eksirei za nyonga za baba na mama, zilizopigwa walipokwisha kupita umri wa mwaka mmoja. Mfugaji mwema atakuletea bila kununa. Mchuuzi atacheka na kusema, "Si unaona anatembea?"

Uliza pia mama amezaa mara ngapi na ana umri gani. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike anaweza kushika mimba kabla hajakomaa vizuri. Lakini anayemzalisha kabla ya miaka 2, au kila anapokuja joto bila kupumzika, anamtumia kama mashine, na watoto wa mashine hiyo huwa dhaifu.

Kisha utaona jambo ambalo huwashangaza wanunuzi: mfugaji mwema naye atakuuliza wewe. Unakaa wapi? Muthurwa? Mbwa atakaa wapi? Kuna ua? Nani yuko nyumbani mchana? Umewahi kufuga? Usikasirike ukadhani anadharau chumba chako. Mwenye kuuliza hivyo anajali mbwa wake watakwenda kwa nani, na huyo ndiye atakayepokea simu yako miezi sita baadaye mbwa akiwa na shida. Wengine hata huandika kwamba ukishindwa kumfuga umrudishe kwao. Wa kuogopwa ni yule asiyeuliza lolote ila kiasi ulichonacho mfukoni. Na mara nyingi mfugaji mwema hana mtoto wa kukupa leo. Atakuandika jina usubiri. Subiri.

Onyo jingine kabla sijasahau. Kuna anayekuambia, "Bei ni kubwa, lakini ni jike, utamzalisha, utauza watoto 8, fedha yako itarudi mara tatu." Hayo tuliyasikia kwenye kware. Wakati wa kware kila mtu alimwuzia mwenziwe wa kuanzia ufugaji, na siku waliokuwa wanaanza walipokwisha, mayai yakakosa mnunuzi. Nunua mbwa kwa ajili ya kazi yake shambani.

Sasa uko mbele ya watoto wenyewe. Wakae na mama mpaka wiki 8. Anayekupa wa wiki 4 au 5 anaokoa maziwa yake kwa hasara yako. Usimchague yule aliyejikunyata pembeni kwa sababu umemwonea huruma, wala yule anayewauma wenzake wote kwa sababu umempenda ushujaa. Yule anayekuja, akakunusa, akarudi kucheza, ndiye. Mwinue. Tumbo lililovimba kama ngoma na mbavu zinazoonekana ni minyoo. Fungua mdomo: ufizi uwe mwekundu mwekundu kama wa mtoto mzima, maana ufizi mweupe ni upungufu wa damu, kwa minyoo, viroboto au kupe. Meno ya juu na ya chini yakutane. Papasa kitovu uone kama kuna uvimbe laini. Macho na pua visitoe usaha. Kama ni mweupe sana, piga makofi nyuma yake asikokuona, kwa kuwa weupe mwingi katika mbegu nyingine hufuatana na uziwi. Angusha kifuniko cha sufuria hatua chache mbali naye. Mzuri hushtuka, kisha huja kuangalia ni nini. Anayekimbia na asirudi hatafaa kwa mwindaji mwenye bunduki, na hata radi itamsumbua.

Kuna wanaofunga ubawa wa ndege kwenye kamba na kuuburuta mbele ya watoto. Ni mchezo mzuri, na mtoto wa pointa anaweza kuganda ukafurahi sana. Lakini wengi huganda leo na kesho wakalala usingizi juu ya ubawa huo huo. Tumia macho yako kwa mama.

Hesabu ya chakula uifanye kabla ya kutoa shilingi. Mbwa wa kilo 25 anayefanya kazi hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 180 na zaidi, yaani uzito wa magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Na mahindi peke yake hayamtoshi: ugali lazima uende na omena, matumbo, damu iliyopikwa au kitu kingine cha kujenga mwili. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali vikamtoboa tumbo.

Makaratasi uliyopewa yawe na tarehe za dawa ya minyoo, ambayo watoto huanza kupewa wakiwa na wiki 2, na tarehe ya chanjo ya kwanza ya distempa na pavo, ambayo hutolewa kati ya wiki 6 na 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Pavo ni ugonjwa wa kuhara damu. Unaweza kumaliza watoto wote wa mama mmoja kwa siku chache, na vidudu vyake hukaa udongoni muda mrefu. Kama mbwa alikufa kwa kuhara nyumbani kwenu miezi michache iliyopita, usilete mtoto asiyemaliza chanjo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Hapa sina utani. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika mbwa pembezoni mwa Nairobi mwaka 1912, na mpaka leo unaua watu Kenya, wengi wao watoto, hali serikali imejiwekea mpango wa kuumaliza kati ya mwaka 2014 na 2030. Mtoto wa mbwa mwenye sura ya kupendeza aliyenunuliwa njiani, bila mama kujulikana, anaweza kuwa amekwisha kuumwa na mbwa mgonjwa kabla hujamwona. Akimwuma au akimkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, dawa haipo.

Siku ya safari, usimlishe mtoto kwa saa chache kabla ya kupanda gari, maana atatapika. Mweke katika katoni yenye matundu na gazeti chini, naye akae miguuni pako. Asiwekwe juu ya paa wala katika buti pamoja na magunia. Sema na makanga mapema. Kama unavuka mpaka kwenda Tanzania au Uganda, hapana budi uwe na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na kibali cha nchi unakokwenda.

Ukifika nyumbani, wiki ya kwanza ndiyo ya kuku. Mfunge kamba nyepesi, keti naye karibu na kuku wanapodonoa jioni, mwache awatazame mpaka awachoke. Akiwarukia, mvute na useme "Acha!" kwa sauti moja ile ile ambayo mama na watoto wote wataitumia. Akitulia, mpe kipande cha omena. Fanya hivyo kila siku kwa muda wa mwezi, kisha mfungue mkiwapo. Shambani mpeleke kwa kamba ndefu akiwa na miezi 5 au 6, asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali, ukizunguka naye mpaka wa shamba, na kila ndege anaporuka umwite arudi. Jioni mkague masikio, kati ya vidole na chini ya mkia, umtoe kupe. Cheti chake cha chanjo kiweke nyumbani pamoja na kadi za kliniki za watoto, wala usirudi nacho Muthurwa, maana atakayeulizwa ni yule aliye na mbwa.